FUATA ISNADI MPAKA MWISHO: jibu kwa wanaosema "ni pambo tu" na kwa wanaosema "choma tu"



Ndugu zangu, andiko la leo ni refu. Mwenye haraka alihifadhi, alisome baada ya Isha. Lakini nawaomba msitoe maoni kabla ya kufika mwisho. Safari iliyopita nusu ya waliogombana hapa chini walisoma mistari miwili ya juu tu. Na mimi mwenyewe, kama mtakavyoona, nilikuwa miongoni mwa waliokosea kwa haraka.

Mnakumbuka ile picha niliyoiweka wiki iliyopita? Kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, anaishi karibu na Los Angeles. Kazi yake ni kuhamisha vitu katika nyumba za waliofariki, wakati warithi wanapotaka nyumba iuzwe. Katika nyumba ya mzee mmoja wamekuta chumba kizima kimejaa mapambo ya zile baa na migahawa ya Marekani iitwayo ya "tiki". Kuna vikombe vya udongo vyenye sura za watu, maboya ya vioo, menyu za zamani, vibiriti vya karatasi, nguzo ya mti yenye urefu wa mtu iliyochongwa uso wa kutisha, na nyuma ya nguzo, ubao mmoja mwembamba uliochongwa sura, umekolea masizi, umefungwa kamba ya nyuzi iliyochakaa. Msimamizi wa kazi akamwambia: chukua unachotaka, mengine tutayapiga mnada. Kijana akaniuliza: "Ustadh, niuze? Niache? Nifanye nini?"

Nikamjibu kwa mstari mmoja: Masanamu hayo, achana nayo.

Basi hapa ukurasani pakawaka moto. Kundi moja likasema: "Sheikh acha ushamba, ni pambo la mgahawa tu." Kundi la pili likasema: "Akayachome yote, apate thawabu." Makundi yote mawili nayajibu leo. Kijana naye amenitumia ujumbe wa pili ulionifanya nione haya kwa jibu langu la mstari mmoja. Huo nitauleta mahali pake.

TIKI NI NINI?

Mwaka 1933 Marekani iliondoa marufuku ya pombe. Baada ya hapo bwana mmoja, Ernest Gantt, akafungua baa ndogo Hollywood, akaiita Don the Beachcomber, na yeye mwenyewe baadaye akajiita Donn Beach. Akaipamba kwa mianzi, nyavu, kamba na mabaki ya merikebu, mtu akiingia ajione yuko kisiwani katika Bahari ya Pasifiki. Kule Oakland akatokea Victor Bergeron na mgahawa wake Trader Vic's. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari wakarudi kutoka Pasifiki na hadithi zao, na biashara ikalipuka. Mwaka 1956 ikafunguliwa Mai-Kai huko Florida. Mwaka 1961 ikafunguliwa Kahiki huko Columbus, Ohio, mji usio na bahari wala mnazi. London nako, chini ya hoteli ya Hilton, Trader Vic's ilidumu toka 1963 mpaka 2022. Chakula chenyewe, kwa sehemu kubwa, kilikuwa mapishi ya Kichina! Kilichoitwa "visiwa" kilikuwa ukutani na mezani: masanamu, vinyago na vikombe.

Suala la pombe iliyouzwa humo sitalirudia. Hukumu yake mnaijua. Leo nazungumzia kuta na rafu.

Na neno lenyewe, tiki? Katika masimulizi mengi ya Wamaori wa New Zealand, Tiki ni jina la mtu wa kwanza. Na sura ya mtu inayochongwa kwenye mti au jiwe nayo huitwa tiki. Simama hapo, ndugu yangu, utafakari. Mtu wa nchi ya mbali afungue baa, aipe jina la Baba yetu Adam, atengeneze kikombe chenye kichwa chake, akitoboe utosini, amimine ramu na kutia mrija. Kisha akwambie, "Usikasirike, ni pambo tu." Ungemuelewa?

WANASTAHILI SIFA YAO

Uadilifu kwanza. Hawa wakusanyaji wa mapambo ya tiki ni watu wenye bidii ya ajabu. Baa hizo zilipopitwa na wakati kuanzia miaka ya 1970, zikabomolewa moja baada ya nyingine na hakuna aliyejali. Kahiki ilikuwa imeorodheshwa na serikali mwaka 1997 kuwa jengo la kihistoria, lakini mwaka 2000 ikavunjwa, pakajengwa duka la dawa. Waliookoa kumbukumbu za majengo haya si serikali, ni watu binafsi waliozunguka magulio na maduka ya mitumba kununua kikombe kimoja kimoja. Mwaka huo huo wa 2000, Sven Kirsten akatoa kitabu chake The Book of Tiki, na wengi wakajua kwamba vile walivyovidharau vina historia.

Na wanavyofuatilia, wallahi ungedhani ni wanafunzi wa elimu ya hadithi! Wanapindua kikombe wasome muhuri chini. Wanakilinganisha na picha ya menyu, na kibiriti, na kadi ya posta. Watakwambia: hiki ni cha mgahawa fulani, toleo la kwanza, kabla sikio halijabadilishwa. Hiki kiliagizwa na kampuni ya Otagiri ya San Francisco, kikafinyangwa Japani. Hiki kina muhuri wa Orchids of Hawaii, kampuni ambayo pamoja na jina lake ilikuwa New York. Nguzo hii ilichongwa na Oceanic Arts ya Whittier, California, karakana iliyoanza mwaka 1956 na kufunga milango 2021.

Wakitaka, wanamfikia hata binadamu. Wamelihifadhi jina la Ray Buhen, Mfilipino aliyechanganya vinywaji kwa Donn Beach miaka ya 1930, kisha mwaka 1961 akafungua baa yake ndogo, Tiki-Ti, Los Angeles. Wafilipino wengi walifanya kazi hiyo nyuma ya kaunta, sifa ikaenda kwa mwenye jina mlangoni. Wakusanyaji wamesaidia kumrudishia haki yake.

Basi msiniambie hawawezi kufuatilia. Wanaweza sana. Hapo ndipo ninapowashika.

ISNADI ILIYOKATWA

Sisi tuna elimu ya isnadi. Mtu hakubaliwi kusema "Mtume kasema" kisha akanyamaza. Anaulizwa: umepokea kwa nani? Na huyo kwa nani? Na huyo naye? Mpaka ifike mwanzo. Mlolongo ukikatika katikati, tunasema imekatika. Na mpokezi akiificha ile sehemu iliyokatika ili ionekane nzima, hilo lina jina lake: tadlisi. Ni aibu kwa mwanachuoni na ni ghishi kwa mfanyabiashara.

Sasa tuchukue kikombe kimoja chenye uso wa Kū, ambaye Wahawaii wa kale walimwita mungu wa vita, tukisomee isnadi yake.

Mkusanyaji amekipata kwenye mnada. Mnada umekipata katika nyumba ya marehemu. Marehemu alikichukua mgahawani. Mgahawa ulikiagiza kwa wakala. Wakala alikifinyangisha Japani. Mfinyanzi alipewa mchoro. Mchoro ulitokana na picha ya kitabu cha makumbusho. Makumbusho yalikipata kitu chenyewe kwa nahodha au mmishenari. Naye alikitoa hekaluni kisiwani, alikokichonga fundi wa watu fulani, kwa ajili ya jambo fulani.

Mkusanyaji wetu anasoma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, kwa tarehe na kwa rangi. Kisha anafunga kitabu! Kwake yeye asili ni mgahawa. Ukimuuliza "kimetoka wapi?" anakwambia "Columbus, Ohio," na roho yake imetulia.

Hii, ndugu zangu, ni isnadi iliyokatwa kwa makusudi, pale hasa ilipokuwa inamfikia mwenye mali.

Mtasema: kuna hasara gani, kikombe si cha udongo tu? Hasara ipo, na sokoni imeonekana. Mwaka 2017 huko Paris, sanamu ndogo ya Kū iliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa zaidi ya euro milioni 6. Mnunuzi alikuwa tajiri wa Marekani, Marc Benioff, naye akaitoa kwa makumbusho ya Bishop huko Honolulu. Tendo jema. Lakini baadaye wataalamu wengine wakajitokeza hadharani wakitia shaka: huenda si ya kale hata kidogo, huenda ilichongwa karne ya 20 kwa soko la watalii. Mnaona isnadi ikikatika inavyofanya? Cha hekaluni kinauzwa kama cha baa, na cha baa kinaweza kuuzwa kama cha hekaluni. Na kila mara anayepunjwa ni yule yule.

Nabii Shuaib aliwakataza watu wa Madyan wasipunje watu vitu vyao. Tumezoea kuisoma hiyo kwa mizani ya unga na sukari tu. Nakuuliza: mtu akichukua sura ya babu wa watu, akaiita "ya mgahawa," hakupunja?

NI NANI ALIYEKATWA?

Mtu wa "pambo tu" anapenda tuzungumze kwa ujumla, "visiwani, visiwani." Basi tutaje.

Zile sura ndefu zenye paji kubwa, zilizogeuzwa vikombe na majiko ya moto, ni moai wa Rapa Nui, kisiwa ambacho Wazungu walikiita Kisiwa cha Pasaka. Kwa wenyewe moai ni wazee wao waliotangulia. Mwishoni mwa 1862 merikebu za wafanyabiashara wa watumwa kutoka Peru zilishuka kisiwani zikakamata watu, zaidi ya elfu moja. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Mwaka 1868 manowari ya Kiingereza, Topaze, ikambeba moai aitwaye Hoa Hakananai'a, yuko British Museum mpaka leo. Mwaka 1877 watu walipohesabiwa kisiwani walibaki 111. Mia moja na kumi na moja! Sisi watu wa pwani, ambao bandari zetu ziliiona biashara ya watu na nyingine kushiriki, hatuna ruhusa ya kulisoma hilo kama hadithi ya mbali.

Nenda Hawaii. Mwaka 1893 wafanyabiashara, askari wa Marekani wakiwa wameteremshwa mjini, walimpindua Malkia Lili'uokalani. Mwaka 1898 nchi ikamezwa. Mwaka 1959 ikafanywa jimbo la Marekani, na hicho ndicho kipindi ambacho mabaa ya tiki yalikuwa yamepamba moto. Mwenye nyumba amenyang'anywa nyumba, kisha sura ya baba yake ikawa kikombe kwenye karamu ya aliyemnyang'anya.

Nenda Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Mwaka 1946 Marekani iliwahamisha wakaazi wake 167 ili ijaribu mabomu ya nyuklia. Mpaka 1958 ilikuwa imelipua mabomu 23 hapo. Miaka ya 1970 wenyeji wakarudishwa, mwaka 1978 wakaondolewa tena kwa sababu ya mionzi. Hesabu miaka, ndugu yangu. Wakati familia Florida na Ohio zinakaa chini ya makuti ya kubandika, zikiambiwa hiki ndicho kisiwa cha raha, visiwa vya kweli katika bahari ile ile vilikuwa vinaunguzwa, na serikali yao ndiyo iliyowasha.

Sisemi kila mla chakula pale alikuwa mwovu. Wengi hawakujua. Lakini ninyi wakusanyaji mnajua kikombe kilibadilishwa sikio mwaka gani. Mwenye elimu ya sikio la kikombe hawezi kunambia hakupata nafasi ya kujua habari za mwenye uso.

NA NINYI WA "CHOMA TU"

Sasa nageukia upande wetu. Msidhani nimewasahau.

Mnasema: ni miungu ya uongo, yachomwe. Haya, nisikilizeni. Wenye miungu hiyo walikutangulieni kwa karne mbili. Mfalme Kamehameha wa Hawaii alipofariki mwaka 1819, mrithi wake Liholiho na Malkia Ka'ahumanu waliivunja miiko ya kale wao wenyewe, mahekalu yakaangushwa na masanamu mengi yakatiwa moto. Wamishenari wa kwanza kutoka Marekani walifika mwaka uliofuata! Kisiwani Rurutu, mwaka 1821, watu wenyewe waliichukua sanamu yao A'a wakaikabidhi kwa wamishenari, na leo iko London. Walikata shauri lao la dini wao kwa wao. Leo wengi wa wajukuu zao ni Wakristo. Hakuna anayekisujudia kikombe cha Kahiki. Mgahawani sanamu ile haikuabudiwa. Ilichekwa. Na kumcheka babu wa mtu si tauhidi.

Yale masanamu makubwa ya Kū ya mahekaluni yaliyobaki duniani ni matatu tu: moja Honolulu, moja London, moja Salem kule Massachusetts. Mwaka 2010 yalikutanishwa Honolulu kwa miezi michache. Wahawaii waliokwenda kuyaona hawakwenda kuacha dini zao. Walikwenda kuona mkono wa babu zao. Kati yako na hilo kuna tatizo gani?

Sisi tumekatazwa hata kuitukana miungu ya wengine. Sembuse kuteketeza mali isiyo yetu? Kijana yule si mwenye nyumba wala si mrithi. Angechoma kwa idhini ya nani? Mngemtia kwenye dhulma na polisi juu yake, mkiwa mmekaa Temeke na Kisauni mnaandika "takbir" kwenye simu.

Kwetu Muislamu hafanyi biashara ya masanamu. Mtume (s.a.w.) amekataza, na hilo nimemwambia kijana waziwazi, bei iwe kubwa kiasi gani. Kwa hiyo kuuza si kazi yake, na kuchoma si haki yake. Kumbe mstari wangu mmoja ulikuwa haujajibu kitu, maana yeye aliniuliza afanye nini, nami nikamwambia aondoke.

MKUKI KWA NGURUWE

Na hapa ndipo ulipofika ujumbe wake wa pili. Nauandika kwa idhini yake.

"Ustadh, mama yangu ni Mgiriama. Kigango cha babu yake kiliibwa kabla sijazaliwa. Mama mpaka leo anakitaja. Nilipouona ule ubao wenye kamba, nilimkumbuka mama. Nikajiuliza, aliyenunua chetu naye aliambiwa ni pambo?"

Nilisoma nikaiweka simu chini.

Kwa wasiojua: kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa kwa mfano wa mtu. Wagiriama na ndugu zao wa Kimijikenda humsimamishia mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu baada ya kufa kwake. Kikishasimikwa hakihamishwi, hata ukoo ukihama. Toka miaka ya 1970 na 1980 vigango viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwenye maduka ya vinyago, vikavuka bahari. Na sehemu kubwa ya soko lake ilikuwa wapi? Los Angeles. Jiji lile lile lililoanzisha Don the Beachcomber. Vingine viliingia nyumba za watu mashuhuri wa Hollywood, kisha vikatolewa kwa makumbusho kama zawadi. Watafiti wawili, Monica Udvardy na Linda Giles, walivihesabu karibu 300 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Mwaka 1985 huyo Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia nduguze. Muda si mrefu vikaibwa. Mzee akafa bila kuviona tena. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, mtafiti akaona picha ya kigango kilichokuwa makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois. Akakitambua. Cha pili kikapatikana Virginia. Mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi kwa familia. Na mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha Kenya vingine 37.

Vilirudije? Kwa PICHA MOJA na mtu mmoja aliyekataa kuishia makumbusho. Aliifuata isnadi mpaka shambani kwa mzee. Basi kazi ile ile ya wakusanyaji wa tiki, kulinganisha picha na kitu, ikifikishwa mwisho, inarudisha haki.

Ndiyo maana nasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sisi wa pwani tunalia kigango cha Mgiriama kuwekwa sebuleni kwa mcheza sinema, halafu ubao wa mtu wa Pasifiki tunauita "pambo tu," au tunataka uchomwe? Mama wa kijana huyu angekuwa na mwenzake kule visiwani anayekitaja kitu chake kila siku, nani angemsikiliza?

BASI AFANYE NINI?

Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kitu kilichookotwa, alielekeza kwamba mwenye kukiokota akijue chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mzima. Ona mpangilio huo! Unakijua vizuri ILI umfikie mwenyewe. Wakusanyaji wanajua chombo na kamba kuliko mtu yeyote duniani. Kilichobaki ni kutangaza.

Kijana wangu nimempa haya, na yeyote mwenye vitu vya namna hii ayachukue:

Kwanza, tenganisha. Migahawa ile ilichanganya kitu cha kweli na cha kuiga chini ya dari moja. Kikombe chenye muhuri wa Japani ni kikombe cha Japani. Nguzo aliipindua, akakuta chini alama za msumeno wa mashine. Mangapi ya aina hiyo yanatangazwa "ya kale kutoka visiwani"! Njia ya mwongo ni fupi. Anayeuza, aseme: hiki kimechongwa California kwa kuiga sura ya watu fulani. Asiposema, ni yule muuza chakula aliyeficha kilicholowa chini ya kikavu.

Pili, ule ubao wenye masizi na kamba usiuzwe wala usisafishwe. Masizi na kamba ni ushahidi. Upigwe picha mbele, nyuma, ubavuni. Warithi waambiwe kwa maandishi kwamba huenda ni mali yenye wenyewe, na picha zipelekwe kwa makumbusho ya Pasifiki yenyewe, kama Bishop kule Honolulu, kabla ya kupelekwa kwa dalali yeyote.

Tatu, msijifiche nyuma ya sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 ya kurudisha mifupa na vitu vitakatifu vya wenyeji, na Wahawaii wamo. Lakini hiyo inayabana makumbusho na taasisi za serikali. Haigongi mlango wa chumba cha mkusanyaji wala wa baa. Hapo pamebaki dhamira yako na Mola wako.

Na ninyi mnaotunza orodha za vikombe, ongezeni safu moja tu. Mna safu ya mgahawa, ya mwaka, ya kiwanda, ya bei. Ongezeni ya sura hii ni ya nani. Andikeni: Rapa Nui. Hawaii. Maori. Marquesas. Sepik. Andikeni kitu cha asili kiko wapi leo na kilifikaje huko. Hamtapoteza kikombe hata kimoja kwa kuandika ukweli. Na kama kuandika ukweli kunakuondolea raha ya kikombe, basi raha hiyo uitazame vizuri ilisimama juu ya nini.

Kijana ameshafanya sehemu yake. Aliacha vikombe, hakuchukua hata kimoja. Alimwandikia barua msimamizi, ikafika kwa binti wa marehemu. Yule mama, ambaye si Muislamu wala hatujui, alijibu kwamba baba yake aliununua ule ubao mgahawa wao wa mtaani ulipofungwa, na hakuwahi kujua ni wa nani. Amekubali usiingie mnadani. Picha zimekwenda Honolulu juzi. Kijana kaniambia mama yake, alipopigiwa simu Mombasa akasimuliwa, hakuuliza bei. Aliuliza: "Na huko kwao, wenyewe wameshaambiwa?"

Swali hilo la mama wa Kigiriama lilitosha kuwa andiko zima. Na jibu langu la wiki iliyopita nimelifuta.

Mwenye kutaka kuandika "ni pambo tu" au "choma tu," uwanja ni wake, lakini aanze kwa kunijibu swali la huyo mama.

Allah atuongoze kwenye haki, atulinde na kuwapunja watu vitu vyao, na amrehemu kila aliyekufa akiulizia kilichochukuliwa kwake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.